Nibadili kamera au ninunue lenzi?

Swali: "Nina DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya APS-C yenye megapikseli 24 na lenzi iliyokuja nayo, ile ya 18-55. Napiga picha kwa kujifurahisha: watoto nyumbani jioni, shughuli za kifamilia ukumbini, na siku hizi nimeanza kupenda ndege. Picha za ndani zinatoka na chenga, watoto wakisogea kidogo tu wanafifia, na ndege wanabaki nukta. Nimeweka akiba ya kununua kitu kimoja kikubwa. Rafiki yangu anasema nihamie fulu fremu isiyo na kioo. Muuzaji anasema lenzi ya 18-300 itamaliza yote. Nimsikilize nani? Na vifaa vilivyotumika ni salama?"

Ndugu yangu, fulu fremu, yaani kamera yenye kihisi (kibamba kinachonasa picha) kikubwa kuliko cha APS-C yako, usinunue kwa sasa, na hiyo 18-300 iache rafuni. Akiba inayotosha mojawapo ya hivyo kwa kawaida inatosha pia lenzi moja ndogo yenye tundu pana (uwazi wa ndani unaopitisha mwanga) pamoja na flashi yenye kichwa kinachogeuka, na huenda ikabaki ya kuanzia lenzi ya ndege. Nitakueleza nilivyofika hapo, maana hesabu yenyewe ni nyepesi, na ukishaijua muuzaji hatakuyumbisha tena.

Tuanze na picha zilizokukera. Umetaja kasoro tatu, na kila moja ina chanzo chake. Chenga zinatokana na mwanga haba: kamera imelazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuitikia mwanga. Watoto wanafifia kwa sababu spidi ya shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni ndogo mno kwa mtu anayesogea, na imekuwa ndogo kwa sababu hiyo hiyo ya mwanga. Ndege kuwa nukta ni suala la urefu wa lenzi (zile milimita, kama 18-55), halihusiani kabisa na hayo mawili. Kwa hiyo una matatizo mawili, la mwanga na la umbali, na kifaa kimoja kinachotatua yote mawili kwa bei ya mtu anayepiga kwa kujifurahisha hakijatengenezwa.

Fungua picha moja ya jioni iliyoharibika, usome taarifa zake. Nadhani utakuta kitu kama 50 mm, f/5.6, spidi ya 1/30, ISO 6400. Hiyo f/5.6, kipimo cha tundu, ndiyo mchawi wetu. Lenzi yako inaanza na f/3.5 ikiwa imefunguka kwa upana, lakini ukiivuta kuelekea 55 tundu linabana mpaka f/5.6, na hakuna kitufe cha kulifungua zaidi. Namba hizi zinakwenda kinyume, ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na mwanga unaopita hufuata mraba wake. Sasa weka kando ya lenzi yako lenzi isiyovutika ya 50 mm f/1.8. Gawa 5.6 kwa 1.8, unapata 3.1 na ushei. Zidisha kwa yenyewe, unapata karibu 9.7. Lenzi ndogo ya plastiki inayoenea kiganjani inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile uliyo nayo. Picha yako ya 1/30 kwa ISO 6400 unaweza kuipiga kwa 1/125 na ISO ikashuka chini ya 3200, chumba kile kile, taa ile ile, kamera ile ile.

Linganisha na ushauri wa rafiki yako. Kihisi cha fulu fremu ni milimita 36 kwa 24, yaani milimita za mraba 864. Cha APS-C cha Nikon, Sony au Fujifilm ni kama 23.5 kwa 15.6, sawa na 367 hivi. Cha Canon ni kidogo zaidi, 22.3 kwa 14.9. Ukihamia fulu fremu ukabaki na tundu lile lile, kihisi kinakusanya mwanga mara mbili na nusu hivi. Si haba, ni stopu moja na robo (stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili), lakini iweke mbele ya mara kumi uone. Halafu kuna jambo ambalo halisemwi dukani: lenzi ndogo zinazouzwa pamoja na bodi (kamera bila lenzi) za fulu fremu za kuanzia mara nyingi ni f/4-6.3 au f/4-7.1. Kwenye ncha yake ndefu, hiyo f/7.1 inakunyang'anya sehemu kubwa ya ulichopata, ukabaki na faida ya nusu stopu. Utakuwa umemaliza akiba yote ili chenga zipungue kwa kiasi ambacho hata wewe utalazimika kukitafuta kwa kukuza picha.

(Na hiyo 36 kwa 24 si kipimo kitakatifu. Ni filamu ya sinema ya milimita 35 ambayo Oskar Barnack aliipitisha kwa ubavu ndani ya Leica, kamera iliyoingia sokoni mwaka 1925. Kilichobaki ni mazoea ya miaka 100.)

Utaambiwa lenzi yako ina kituliza mtikisiko, hivyo spidi ndogo si tatizo. Kituliza mtikisiko kinatuliza mikono yako. Mtoto anayegeuza kichwa hakimhusu. Mtu aliyekaa anaongea anahitaji walau 1/125, mtoto anayecheza 1/250, anayekimbia 1/500 au zaidi. Kwa hiyo kwenye picha zako za ndani kituliza mtikisiko kitakusaidia kupata kabati lililotulia na watoto waliofifia mbele yake.

Nisikuuzie f/1.8 kana kwamba haina gharama. Tundu likiwa pana, kina cha fokasi kinakuwa chembamba. Ukimpiga mtu kwa 50 mm kutoka mita moja na nusu kwa f/1.8 kwenye APS-C, eneo lililo kali ni kama sentimita 6 tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Jicho la karibu likiwa kali, sikio limeshaanza kuyeyuka. Watoto wawili, mmoja amekaa nyuma kidogo ya mwenzake, mmoja wao atakosa. Hapo unabana hadi f/2.8, kina kinafika sentimita 10 hivi, na bado unaingiza mwanga mara nne ya f/5.6. Kwa picha ya ukoo mzima ukumbini waliojipanga safu tatu, f/1.8 haifai kabisa, na ndipo flashi inapoingia. Nitaifikia.

Kuna jambo jingine kwa wenye DSLR. Fokasi ya DSLR ukitazama kupitia kitundu cha juu hupimwa na kihisi kingine, si kile kinachopiga picha. Viwili hivyo visipolingana sawasawa, kamera inaamini imelenga jicho kumbe imelenga pua. Kwa f/5.6 hukuliona hilo kwa sababu kina kilikuwa kikubwa, kwa f/1.8 litakuumbua. Kamera za daraja la kati na la juu zina menyu ya kusawazisha kosa hilo kwa kila lenzi, bodi nyingi za kuanzia hazina. Njia ya kulikwepa ni kulenga kupitia skrini ya nyuma, maana hapo fokasi hupimwa na kihisi chenyewe. Ni polepole zaidi, lakini ni kweli.

35 au 50? Swali hili watu hulibishania wakati jibu wanalo tayari. Kwenye APS-C ya Nikon au Sony, 35 mm inakupa upana wa picha kama wa 52 mm kwenye fulu fremu, na 50 inakuwa kama 75. Kwenye Canon zidisha kwa 1.6 badala ya 1.5. Ndani ya chumba cha kawaida 50 itakugandisha ukutani ukitaka kumpata mtoto mzima. Ni nzuri kwa uso na mabega. 35 ni ya mtu anayetaka mtoto pamoja na anachokifanya. Chukua 18-55 yako, iweke kwenye 35, bandika kipande cha gundi-karatasi pete isisogee, upige wiki nzima hivyo. Wiki inayofuata iweke 50. Utajua. Unaweza pia kupanga picha zako za mwaka mzima kwa urefu wa lenzi, programu ya bure kama digiKam inafanya hivyo, uone picha unazozipenda zimerundikana wapi. Bila kuziona picha zako, kwa watoto nyumbani naelekea 35. Nikon wana DX 35 mm f/1.8G tangu 2009, na ilitengenezwa kwa ajili ya bodi kama yako. Canon 50 mm f/1.8 STM ya 2015 ni nyepesi na imeenea kila mahali, ila kumbuka onyo la ukuta.

Sasa flashi. Wengi wanaipita kwa sababu wameonja ile ndogo iliyojengwa ndani ya kamera: uso mweupe, kivuli kikali nyuma, macho mekundu. Flashi ya kuchomeka juu yenye kichwa kinachoinuka na kugeuka ni kitu tofauti kabisa. Ielekeze kwenye dari jeupe, au ukuta mweupe ulio ubavuni na nyuma yako kidogo. Mwanga unatua darini, unatawanyika, unarudi kwa watu umelainika na kutoka juu, namna ambayo macho yetu yameizoea. Mmuliko wenyewe ni mfupi sana, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo unamgandisha mtoto hata kama shata ni 1/125. Na unaweza kubana f/5.6 ukapata safu tatu zote kali, kwa lenzi hii hii unayoilalamikia. Dari likiwa la rangi, picha itaiga rangi hiyo. Likiwa refu sana, kama kumbi nyingi zilivyo, mwanga utapotelea huko juu, hapo ukuta wa karibu ni bora. Hakikisha toleo unalonunua ni la chapa ya kamera yako na lina TTL, yaani kamera na flashi vinazungumza na kupima mwanga vyenyewe. Kampuni kama Godox na Yongnuo hutoa flashi moja kwa matoleo tofauti ya chapa tofauti, na maboksi yanafanana sana.

Kama ningelazimika kukuchagulia kimoja tu kati ya lenzi na flashi kwa shughuli za ukumbini, ningekupa flashi. Kwa watoto nyumbani, lenzi, maana flashi inawafanya wageuke na kuanza kupozi.

Ndege. Hapa ndipo ushauri wa rafiki yako unageuka hasara. Kwenye APS-C lenzi ya 300 mm inakupa mtazamo wa 450 hivi. Hamia fulu fremu na lenzi hiyo hiyo, ndege anakuwa mdogo zaidi ndani ya fremu. Ukikata picha ya fulu fremu ya megapikseli 24 ifanane na ile ya APS-C, unabaki na megapikseli 10 na kitu. Wapiga ndege wengi waliobobea wanabaki na vihisi vidogo kwa makusudi, na wenzao wa Micro Four Thirds, yenye kihisi cha 17.3 kwa 13, wanafurahia kuzidisha kwa mbili: 300 inakuwa 600 na begi halivunji bega. Wewe kwenye APS-C uko mahali pazuri tayari.

Unachohitaji ni urefu. 300 ndiyo kianzio cha maana kwa ndege wanaozoea watu, na 400 hadi 600 kwa wengine. Lenzi za 70-300 za kawaida zinafaa, hasa matoleo mapya yenye mota ya fokasi ya haraka. Zile za zamani kabisa za bei ya kutupa zinapiga picha laini zikifika 300, na 300 ndiyo sehemu pekee utakayoitumia. Tundu la f/5.6 au f/6.3 huku si balaa, kwa sababu ndege unawapiga mchana. Kwa ndege aliyetua anza na 1/500, anayeruka 1/2000. Ukikosa lenzi ndefu, sogea. Umbali ukipungua nusu ndege anaongezeka mara mbili kwa urefu, na hilo halinunuliwi. Kukaa ndani ya gari ukalitumia kama kificho, au kukaa kimya karibu na maji ndege wakuzoee, kunazidi milimita mia.

Kuhusu 18-300 nataka niitendee haki. Ni lenzi nzuri kwa msafiri anayekataa kubeba ya pili, na sitamcheka. Lakini kuivuta mara 16 ndani ya bomba moja kunadai maridhiano: kona laini, mistari iliyopinda, fokasi nzito. Kubwa zaidi kwako, kwa kawaida ni f/3.5-6.3. Ndani jioni itakuwa na giza sawa na 18-55 yako au kuizidi. Yaani utanunua upya tatizo lile lile, safari hii likiwa na uzito zaidi.

Umeuliza pia, kwa mlango wa nyuma, kama DSLR zimekufa. Ukinunua kamera umeoa ukoo: bodi itachakaa, utabadilisha, lakini maunti ya lenzi, pale lenzi inapofungwa kwenye bodi, ndiyo wakwe utakaoishi nao. Maunti ya F ya Nikon ni ya 1959, EF ya Canon ni ya 1987, na lenzi zilizotengenezwa kwa ajili yake zimejaa duniani. Mwaka 2018 kampuni hizo zilizindua maunti mpya za kamera zisizo na kioo, Z na RF, na tangu hapo nguvu zao zimehamia huko. Sony walishatangulia na E mwaka 2010. Pentax bado wanashikilia DSLR, na wana watu wao.

Kwa mfuko wako hizo ni habari njema. Waliohama wanauza, na lenzi za DSLR zilizotumika zimekuwa nyingi na nafuu. Nazo hazitakwama siku ukihama. Kioo cha DSLR kilihitaji nafasi, hivyo lenzi ilikaa mbali na kihisi: milimita 46.5 kwa Nikon F, 44 kwa Canon EF. Kamera mpya zimeondoa kioo na kusogeza lenzi hadi milimita 16 kwa Z, 20 kwa RF, 18 kwa Sony E. Pengo linalobaki linatosha kuweka adapta, na lenzi ya zamani inafanya kazi kwenye kamera mpya. Kinyume chake hakiwezekani, lenzi ya RF haitakaa kwenye DSLR. Angalizo moja kwa wa Nikon: lenzi za zamani za AF na AF-D hazina mota ndani, zinategemea mota ya bodi. Bodi za kuanzia kama D3500 na D5600 hazina mota hiyo, na adapta ya FTZ, ya kuweka lenzi za F kwenye kamera za Z, nayo haina, kwa hiyo utazungusha fokasi kwa mkono. Tafuta maandishi AF-S au AF-P. AF-P nazo zina masharti kwenye baadhi ya bodi za zamani, angalia bodi yako kabla hujalipa.

Kuna siku nitakwambia ubadili bodi, na ukubwa wa kihisi hautakuwa ndio sababu. Sababu itakuwa fokasi. Kamera mpya zisizo na kioo zinatambua jicho, la mtu na mara nyingi la ndege, na kulifuata likizunguka fremu nzima, wakati DSLR ya kuanzia ina pointi chache zilizokusanyika katikati. Ukishakuwa na lenzi yenye tundu pana, na picha zako nyingi zinakosa kwa sababu fokasi haikumkimbiza mtoto, hapo una hoja. Hata hivyo APS-C isiyo na kioo itakutosha. Megapikseli zisikuvute. 24 ni pikseli 6000 kwa 4000, inachapishwa kwa nukta 300 kwa inchi hadi sentimita 50 kwa 34 bila kubembeleza. Ya megapikseli 45 inaongeza upana mpaka pikseli 8256 tu, mara 1.4 isiyofika. Skrini ya 4K haionyeshi hata megapikseli 9.

Kabla ya hayo yote, piga RAW, yaani faili ghafi lenye taarifa zote za kihisi. Programu za siku hizi zinafuta chenga kwa namna ambayo miaka michache nyuma ingeonekana uongo, na darktable au RawTherapee hazidai hata senti. ISO 3200 iliyosafishwa vizuri kutoka RAW ni picha ya kuchapisha.

Vilivyotumika: ndiyo, ni salama, hasa lenzi. Lenzi iliyotunzwa inaishi miaka mingi kuliko bodi, na mimi kwa bajeti ya mtu anayejifurahisha ningetafuta lenzi iliyotumika kabla ya kuangalia mpya. Sharti ni uishike mkononi na upewe nusu saa. Nenda na bodi yako, kadi yako, na tochi.

Ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu kabisa, pitisha mwanga wa tochi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mshazari kutoka mbele. Chembe za vumbi zitaonekana, zipuuze, kila lenzi inazo na hazionekani kwenye picha. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyeupe zenye matawi, mara nyingi zikianzia ukingoni. Kuvu hula tabaka la juu la kioo, na kusafisha kunaondoa nyuzi bila kurudisha tabaka. Achana nayo hata wakikupunguzia bei. Kitu cha pili ni utando wa ukungu unaofanya kioo cha ndani kionekane kama kimepumuliwa. Huo unaua ukali na kufifisha rangi mwanga ukiwa mbele yako. Mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mbele ni wa kujadili bei tu, kwenye kioo cha nyuma ni wa kuondoka. Tazama visu vya tundu: viwe vikavu, na vifunge mara moja ukibonyeza. Mafuta juu yake huvichelewesha.

Kisha piga picha. Ukuta wa matofali au gazeti lililobandikwa, kamera ikiwa imelingana nao, tundu likiwa wazi kabisa. Kuza kona nne. Kona zote zikiwa laini kidogo kwa usawa, hiyo ni tabia ya lenzi. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umeyeyuka, vioo vya ndani vimepinda, pengine ilianguka. Ikiwa ni ya kuvuta, rudia kwenye ncha mbili na katikati. Lenga kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kadhaa, usikilize mota. Kukoroma, kusita, au kupita na kurudi mwanga ukiwa wa kutosha si dalili njema.

Kwa bodi iliyotumika uliza idadi ya mibofyo ya shata. Watengenezaji hutaja 100,000 kwa bodi nyingi za kuanzia, na 400,000 au 500,000 kwa zile za juu kabisa kama Nikon D6 na Canon EOS-1D X Mark III. Hicho ni kipimo walichojaribia, hakikuahidi kitu: nyingine hufa mapema, nyingine huzidi mara mbili. Piga ukuta mweupe kwa f/16 bila kulenga, madoa ni vumbi la kihisi na linasafishika, mikwaruzo haisafishiki. Betri iwe bapa, isiyovimba. Tazama namba ya mfululizo (serial number) kama haijakwanguliwa. Muuzaji asiyetaka uchomeke kadi yako, muage.

Ukishapata lenzi usiifungie kwenye begi la ngozi kabatini, hapo ndipo kuvu inapozaliwa. Boksi la plastiki lenye mpira mdomoni, pakiti za silika jeli zinazokaushwa mara kwa mara, na kipimo kidogo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50. Zaidi ya hapo, itumie. Lenzi inayotoka juani kila wiki haipati kuvu kirahisi.

Mengineyo haraka. Furushi la "vifaa 20 kwa pamoja" lenye lenzi za kuskurubu mbele, usiliguse. Filta ya UV ni ya hiari. Kofia ya lenzi inalinda vilevile na inaongeza ubora badala ya kupunguza. Filta ya polaraizi inafaa, kwa sababu kuondoa mng'ao juu ya maji hakuna programu inayokufanyia vizuri. Tripodi haitamtuliza mtoto, iahirishe mpaka upende picha za usiku au mandhari. Kadi ya kumbukumbu nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, kwa kuwa za bandia ni nyingi. Ijaze hadi mwisho mara moja na ufungue faili za mwisho kabla hujaiamini. Mtengenezaji anaweza kukataa dhamana ya kifaa kilichonunuliwa nje ya eneo lake, kwa hiyo uliza nani hasa anakarabati, na wapi.

Mpangilio wangu basi ni huu: 35 mm f/1.8 kwanza, ikiwezekana iliyotumika, halafu flashi, kisha unaanza upya kuweka akiba ya 70-300. Lenzi ikifika, ijaribu kabla muda wa kuirudisha haujaisha. Piga herufi za gazeti lililolazwa mezani kwa mshazari, f/1.8, ukilenga mstari mmoja uliouwekea alama, mara kumi kupitia kitundu na mara kumi kupitia skrini. Ikiwa picha za skrini ni kali pale pale penye alama na za kitundu zinaangukia mstari mwingine kila mara, upande ule ule, irudishe ubadilishiwe, na hiyo ya pili uipime vivyo hivyo.